Ile supu ya Kifilipino ya ukwaju na samaki, mbona kwangu inatoka kahawia na tamu?

binti_wa_Kirumba

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nina shida ya mapishi na msinicheke maana hata jina la chakula chenyewe silijui.

Bi mkubwa wangu miaka ya 2000 mwanzoni alikuwa anapika kwenye nyumba ya Wafilipino pale Capri Point hapa Mwanza, baba mwenye nyumba alikuwa fundi mitambo mgodini upande wa Geita, anakuja mwisho wa wiki. Mke wake ndo alimfundisha mama vyakula vyao, kuna kimoja mama akakipenda akawa anatupikia nyumbani Jumapili akiwa ofu. Kule Capri Point walikuwa wanaweka kitimoto ila kwetu baba hakuwa anakula, kwahiyo mama anaweka sato, au akipata kichwa cha sangara ndo balaa zaidi. Ninavyoikumbuka ni supu nyepesi, mchuzi mweupe mweupe hivi hauonekani chini, chachu mpaka mataya yanabana, na mboga kibao humo ndani, bamia nzima nzima, bilinganya, matembele, halafu na kitu fulani cha wanga kilichokuwa kinayeyukia kwenye mchuzi. Tunamwagia kwenye wali, kimya mezani. Sisi watoto tuliita supu ya Manila basi.

Sasa na mimi nina kwangu, niko Nyamanoro, mvua hizi na kale kaupepo ka ziwani vimenikumbusha nikasema naipika. Nimempigia bi mkubwa (siku hizi yuko Nansio kwa dada yangu) anipe vipimo, ananiambia "si unachemsha tu, weka ukwaju, weka mboga, kuna nini cha kuandika hapo". Ukwaju kiasi gani mama? "Wa kutosha." Haya.

Nimechukua ukwaju wa sokoni ule mweusi uliokandwa wa kwenye mifuko, mchuzi ukatoka kahawia afu una utamu utamu, yaani ni juisi ya ukwaju ina samaki ndani, baba watoto kaonja akaniuliza alete barafu? Nikisema niongeze ndimu inakuwa chungu, matembele yanageuka meusi, na mwisho kuna ka-ladha ka chuma ambako sikaelewi kanatoka wapi. Anayejua hiki chakula anisaidie, na jina lake pia kama kuna mtu anajua, na kile cha wanga kilikuwa nini jamani maana mama anasema hakumbuki kuweka kitu chochote cha wanga.

kaka_wa_Igoma

Hiyo ni adobo dada. Nimefanya kazi saiti moja na Mfilipino, kila siku kontena lake la chakula cha mchana ni adobo tu, kuku wa siki na soya sosi na vitunguu swaumu kama vyote na pilipili manga nzima. Tamu balaa na haichachi hata ikilala. Weka siki badala ya ukwaju uone.

mama_Ritha_Buzuruga

Mi nilidhani utasema nazi 😂 Weka nyanya na ndimu mwishoni mdogo wangu, ukwaju ni wa uji na juisi.

binti_wa_Kirumba

Kaka asante ila soya sosi haikuwemo kabisa, mchuzi ulikuwa mweupe na mwingi. Adobo ninaijua nimeiona mtandaoni, ile ni rosti. Mama Ritha ndimu nimeshaweka, uchungu wake dada yangu acha tu.

sista_boy_Geita

Tangawizi ilikuwemo? Kuna sista Mfilipino alikuwepo parokiani kwetu alikuwa anatengeneza ya kuku, tangawizi nyingi, papai bichi na majani ya mlonge, inaitwa tinola. Kila kitu alikuwa anatoa humo humo bustanini kwa masista hakuna cha kuagiza.

binti_wa_Kirumba

Tangawizi hapana. Uchachu tu, ndo kitu kikuu.

mpishi_wa_meli

Binti wa Kirumba mdogo wangu, hiyo ni sinigang, wala usizunguke. Mimi ni mtu wa Tanga, nimepika melini miaka mingi, na meli za mizigo ni nadra ukose Mfilipino, kwahiyo mpishi usipoijua sinigang utanyooshewa kidole na mabaharia wote. Mtu katoka zamu ya usiku kalowa, bahari imechafuka, huyo hataki pilau lako wala makaroni yako, anakuja mlangoni anauliza kitu kimoja tu, chachu ipo?

Shida yako kubwa iko kwenye ukwaju. Umetumia ulioiva. Sinigang ya kienyeji kabisa inapikwa na ukwaju mbichi, ule ambao ukivunja ganda halitoki limeng'ang'ania nyama, na ndani bado ni kijani hivi au nyeupe, mbegu laini. Ukishaiva unaingia sukari na rangi inabadilika, huo ndo wa juisi na chatne ya bajia, hata uchuje vipi utakupa hicho hicho ulichopata. Na usiendelee kuuongezea ndimu, ndimu ukiichemsha inatoa uchungu, ndimu ni kitu cha kukamulia mezani.

Fanya hivi. Ukwaju mbichi viganja viwili, kama robo kilo, osha na maganda yake hivyo hivyo, chemsha na maji vikombe viwili mpaka uone maganda yanapasuka na vidole vinaingia, kama dakika kumi na tano. Acha upoe kidogo halafu uponde kwenye chujio kwa mwiko, mimina maji kidogo kidogo, minya tena, mpaka kwenye chujio yabaki maganda na mbegu na nyuzi tu. Unachopata ni uji uji wa kijani kilichofifia, onja ncha ya kijiko, kama jicho moja halikufumba lenyewe basi huo ukwaju umeshaanza kuiva. Huo weka pembeni, hauingii mwanzo.

Ule weupe wa mchuzi ni maji ya kuoshea mchele. Unaosha wali wako wa usiku huo, maji ya kwanza unamwaga maana yana vumbi na pumba, maji ya pili unayafikicha mchele kwa mkono mpaka yawe kama maziwa ya kuchanganya na maji, hayo ndo maji ya supu. Mama yako hajakuambia kwa sababu kwake hicho sio kiungo, ni maji. Tumia lita moja na nusu mpaka mbili kwa kilo ya samaki.

Na cha wanga kitakuwa magimbi. Wafilipino wanayaita gabi, wanamenya wanaweka mwanzo kabisa, mawili matatu madogo, yakiiva unayabonyeza na mgongo wa upawa kwenye ukuta wa sufuria yanayeyuka, mchuzi unapata uzito. Hapa sikiliza vizuri: magimbi yaive KABLA ukwaju haujaingia. Kitu kichachu kinazuia mboga kulainika, ukianza na ukwaju magimbi yatabaki magumu saa nzima, na gimbi ambalo halijaiva linawasha koo.

Kwahiyo mpangilio ni maji ya mchele, kitunguu maji kimoja kikubwa kata vipande vinne, nyanya mbili tatu, magimbi, chumvi, chemsha mpaka magimbi yaanze kumomonyoka. Kama ni kitimoto au nyama ya mbavu inaanza na hivyo vitu mpaka ilainike, na lile povu la juu ulitoe. Kama ni samaki subiri. Halafu mimina ukwaju wako nusu, onja, ongeza. Hapa ndo "wa kutosha" wa bi mkubwa, alikuwa hakutanii, ukwaju haulingani, wa mti huu mkali wa mti ule umepoa. Bilinganya, na zile pilipili ndefu za kijani zisizowasha sana mbili tatu nzima usizipasue. Ukipata figili nyeupe ile nene weka slaisi. Dakika tano samaki anaingia, usikoroge tena, tikisa sufuria tu, bamia juu yake, dakika saba nane zima moto. Matembele yanaingia moto UMEZIMWA, funika, hesabu dakika mbili, pakua. Yanageuka meusi kwa sababu unayachemsha ndani ya uchachu, hakuna jani la kijani linalovumilia hilo.

Kwao majani yenyewe ni kangkong, yanaota kwenye maji, ila ni ukoo mmoja na viazi vitamu, na majani ya viazi pia wanatumia. Kwahiyo matembele ya mama wala sio ya kubahatisha.

Pembeni weka kibakuli cha sosi ya samaki, wao wanaita patis, na pilipili kichaa umeiponda humo, unachovya samaki. Usipopata patis ponda pilipili na chumvi na ndimu maisha yaendelee.

binti_wa_Kirumba

Jamani maji ya mchele!!! Nimekumbuka sasa hivi, mama alikuwa anagomba ukimwaga maji ya mchele, mimi nilidhani ni ya kumwagilia mchicha. Na magimbi ndo kabisa, nimempigia hapa hapa anasema "ah si ndo ya kuzimulia", mama unasema hukuweka wanga 😭

Sasa kaka mpishi ukwaju mbichi nautoa wapi, Kirumba na Soko Kuu nimeuliza wote wananionyesha ule mweusi, mmoja kanishangaa ananiambia ukwaju mbichi wanakula watoto wa shule.

mzee_wa_Magu

Mwangaluka mabinti. Kakwambia kweli, wanakula watoto wa shule na chumvi, na hao ndo wafanyabiashara wako. Toka mjini barabara ya Musoma, ukishapita Kisesa kuelekea huku kwetu Magu miti ya ukwaju ipo mashambani na pembeni ya vijiji, hakuna anayeuza mbichi kwa sababu hakuna anayenunua, wanasubiri ukauke kiangazi ndo waangue wauze kwa debe. Mwambie bodaboda au kondakta wa daladala anayelala huku akuletee, watoto watapanda mti kabla hujamaliza sentensi. Ila angalia wakati, kiangazi kikikolea maganda yanakuwa mepesi yanapasuka yenyewe, hapo umechelewa.

Mimi hiyo supu siijui lakini uji wa ukwaju nimeukulia, na kitu kimoja nimekiona kwenye maelezo ya bwana wa meli ni sawa na kwetu, ukwaju unaingia mwishoni uji ukishaiva. Bibi yetu alikuwa anasema ukiutanguliza uji hauivi. Nilijua ni mambo ya bibi tu.

ticha_wa_kemia

Nije kwenye ka-ladha ka chuma maana naona kamepitwa. Unapikia sufuria gani? Kama ni hizi za alumini za kawaida ambazo ndo zimejaa majikoni kwetu, asidi ya ukwaju inakula alumini, ndo maana ukimaliza kuchemsha kitu kichachu unakuta sufuria ndani imeng'aa sehemu mchuzi ulipofika, ule weusi wake umeondoka na umeula wewe. Ladha inabadilika na mchuzi unapata ukijivu. Tumia sufuria ya stili au enameli, au rahisi zaidi chungu. Na msiache supu ilale ndani ya alumini mpaka asubuhi, hilo hata kwa nyanya na maharage ya nyanya nawaambia wanafunzi kila siku hawasikii.

Habari ya magimbi kutoiva kwenye asidi ni kweli tupu, ile gundi inayoshikanisha seli za mboga asidi inaifanya isiachie haraka. Mzee wa Magu bibi yako alikuwa ananifundishia darasa.

mpishi_wa_meli

Ticha uko sawa, na wenyewe zamani walikuwa wanapikia chungu cha udongo, wanakiita palayok. Chungu chetu cha kawaida kinafaa kabisa, kikoleze moto polepole tu kisipasuke.

bi_shamba_Unguja

Assalam alaykum, nimepita tu nikaona ukwaju nikasema nisome. Nyie watu wa bara mnahangaika na ukwaju wakati uchachu wa samaki ni mbirimbi. Huku kwetu mti uko uani, tunaweka kwenye mchuzi wa samaki na achari. Na embe bichi ndo hilo tunaweka kwenye urojo. Mwanangu wa Mwanza huna mbirimbi najua, lakini miembe unayo, chukua embe bichi gumu lile la kula na chumvi na pilipili, menya, kata, lichemke na samaki wako. Hutotoa kahawia wala nini.

Halafu mpishi wa Tanga, nataka kukuuliza, hao Wafilipino wako samaki wanatumia yupi hasa?

mpishi_wa_meli

Waalaykum salaam bi shamba, shikamoo. Umeniwahi, nilitaka kusema hilo. Mbirimbi wanayo, wao wanaiita kamias, ile ile moja na yako, na wanapikia sinigang hivyo hivyo unavyosema. Embe bichi pia. Yaani sinigang sio lazima ukwaju, ni chochote kinachochachua mahali ulipo. Kuna ya mapera, na mapera yenyewe yaliyoiva sio mabichi, inakuwa na utamu na harufu yake, hiyo mimi sikuipenda nilikuwa napika kwa kuombwa. Niliwahi kuwa na bosun (msimamizi wa mabaharia) mmoja wa Iloilo, huko huko Ufilipino, mabaharia wengi sana wanatoka huko, yeye ukwaju hakuutaka hata kuuona, kwao wanatumia tunda linaitwa batuan na wanapika mbaazi, kitimoto na fenesi bichi kwenye sufuria moja. Mbaazi na fenesi! Nikamwambia hivi viko Muheza hivi vyote, akadhani namdanganya.

Samaki wanaompenda ni bangus, ambaye bi shamba wewe unamjua vizuri, ni mwatiko. Miiba kama sindano za cherehani lakini mtamu.

mvuvi_msomi

Na baada ya mwatiko ni sato. Nimesoma uvuvi pale Nyegezi, huyu sato wetu, Oreochromis niloticus, ndo huyo huyo Wafilipino wanamfuga kwenye mabwawa na vizimba, walimpeleka kule miaka ya 1970 na sasa ni samaki wa kila soko kwao. Kwahiyo dada mama yako alivyoweka sato pale Kirumba alikuwa anapika kitu ambacho ungekikuta Manila vile vile. Tena wabishi wa "sato ni wa asili Victoria" wakae kimya, huyu na sangara wote wameletwa humu ziwani miaka ya 1950 kuendelea, wa asili alikuwa ngege ambaye sasa hivi ukimpata umpige picha.

dada_wa_mwaloni

Mimi nauza samaki Mwaloni na naona wasomi wameongea sana lakini hakuna aliyemwambia dada anunue nini 😄

Kwa supu ya hivyo usichukue minofu ya sangara, minofu haina kitu, itachambuka tu ibaki pamba. Chukua kichwa. Kichwa cha sangara wa kilo nne tano hivi kipasuliwe katikati, toa mashavu (yale mekundu ya ndani, wengine wanaita matamvua) YOTE, hayo ndo yanaleta uchungu na mchuzi kuwa mweusi, safisha damu iliyoganda kwenye uti kwa kidole na chumvi, mwaga maji ya moto juu yake mara moja umwage. Hapo kwenye shingo na nyuma ya jicho kuna mafuta na ile gundi gundi, ukiweka na ukwaju inakata mafuta huchoki kula. Kama mfuko haujakaa sawa chukua panki (mifupa ya sangara inayobaki wakishatoa minofu), chemsha panki kwanza nusu saa uchuje, hiyo ndo iwe supu yako, halafu sato mmoja wa wastani kata vipande vitatu aingie mwisho kama kaka alivyosema. Sato asiwe wa barafu. Mkague jicho na ubonyeze ubavu, kidole kikiacha shimo mwache hapo hapo hata kama muuzaji ni shangazi yako.

Na usimkaange kwanza! Kuna watu hawawezi kuona samaki bila kukaanga.

mama_Ritha_Buzuruga

Nimesomwa 😂😂 mi lazima nikaange, samaki wa kuchemsha ananukia shombo.

dada_wa_mwaloni

Mama Ritha anayenukia shombo hakusafishwa, au kalala. Na ukwaju wenyewe ndo dawa ya shombo.

kaka_wa_Igoma

Sasa swali la mvivu, hakuna unga wa hii kitu? Maana mpaka nikatafute ukwaju Magu, mchele nioshe mara mbili, magimbi, chungu... mimi naishi geto na jiko la gesi la plate moja.

mpishi_wa_meli

Upo, vipakiti vya unga, na Wafilipino wenyewe wengi ndo wanatumia nyumbani siku hizi, usione aibu. Melini tulikuwa tunapakia maboksi. Shida yake ni chumvi nyingi na ile vetsini (unga wa kuongeza ladha, MSG), kwahiyo chumvi yako usitie kabla hujaonja, na weka pakiti nusu kwanza. Mwanza sikuahidi utavikuta, ila jamaa akienda Dubai au Doha mwagize, maduka ya Kiasia kule wanauza. Lakini wewe geto hapo nyanya, embe bichi na panki inakutosha, sufuria moja.

sista_boy_Geita

Kuhusu ile sosi ya samaki, je dagaa? Nimewaza uchemshe dagaa wa Mwanza wakavu uchuje ile supu yake uchanganye.

bi_shamba_Unguja

Dagaa wa ziwani watakuletea mchanga na uchungu. Uduvi ndo wenyewe, kaanga bila mafuta, twanga, nyunyiza.

dada_wa_mwaloni

Bi shamba shikamoo, lakini dagaa wetu waacheni 😤 Mchanga ni wale wa kuanika chini. Wa kwenye vichanja hana mchanga hata punje, mnunue aliye mweupe unaong'aa sio wa njano, toa kichwa uchungu umeisha.

binti_wa_Kirumba

Naleta mrejesho. Ukwaju mbichi nimeletewa na kondakta wa Magu, mfuko mzima wa rambo kwa bei ya soda, mzee wetu Mungu akubariki. Nimepikia chungu. Kichwa cha sangara nimechukua Mwaloni hapo, matamvua nimetoa yote dada, na maji ya mchele ni ya mchele wa Kahama ule unaotoa maji mazito. Nilivyoanza kuponda ule ukwaju kwenye chujio ile harufu tu ilivyopanda mate yakajaa mdomoni nikajua leo yupo. Mchuzi umetoka mweupe wenye ukijani kwa mbali, magimbi yameyeyuka pembeni pembeni katikati yamebaki, matembele ya kijani kabisa. Wakubwa wamekula, mdogo wa miaka minne kakunja uso, kasema "kali", kanyoosha sahani aongezwe. Baba watoto safari hii hajauliza barafu, kauliza kama kesho kitimoto kinawezekana, nimemwambia akanunue yeye.

Ila kwangu imekuwa kali kuliko ya mama, nilimwaga ukwaju wote. Na nina maswali mawili kaka mpishi, ikilala inaharibika? Na huu ukwaju uliobaki mfuko mzima naufanyaje, msimu si unaisha?

mpishi_wa_meli

Ikizidi ukali usitie sukari, nakuomba. Ongeza maji ya mchele na gimbi moja uliloponda, au pakua wali mwingi zaidi. Kulala inalala kwenye friji siku moja mbili na kesho yake inakuwa nzuri kama ni nyama, kama ni samaki mtoe nyama yake uitenge, pasha mchuzi peke yake ndo umrudishe, vinginevyo atavunjika vunjika ubaki unatafuta miiba. Majani na bamia vya jana toa, weka vipya.

Ukwaju wote chemsha leo, ponda, chuja, gandisha kwenye trei za barafu, ukishaganda hamishia kwenye mfuko. Anza na vipande vinne kwa sufuria ndipo uonje.

mzee_wa_Magu

Na mwakani agiza mapema, kondakta huyo huyo ameshaanza kuulizwa na watu wengine watatu wa mjini, jana katuma watoto wapande tena.